Mng'ao laini unaoaminika: kutumia SoftGlow bila kuiharibu picha

Washa mshumaa gizani, uelekeze kamera ya simu, kisha upitishe mkono polepole mbele ya mwali. Vidole vikiwa bado mbali, utaona duara hafifu la mwanga limeuzunguka mwali. Kidole kikikaribia, ukingo wake unaanza kuliwa na mwanga: ngozi inapauka na mpaka unalainika, ingawa kidole kiko mbele ya mshumaa wala si nyuma yake. Kidole kikiufunika mwali wote, duara linatoweka mara moja, hata upande ule ambao kidole hakikufika.

Jaribio hilo la nusu dakika linabeba karibu kila kitu cha kujua kuhusu mng'ao laini. Lile duara halipo chumbani. Limezaliwa ndani ya lenzi, pale mwanga mkali unapotawanyika ukipita kwenye vioo, vumbi na mafuta ya vidole. Ndiyo maana linapita juu ya kila kitu, cha mbele na cha nyuma, na ndiyo maana linakufa papo hapo chanzo kikifichwa. Unapounganisha picha kwenye kompyuta, kazi yako ni kuiga lenzi. Kazi nyingi za mng'ao ninazoziona zinaiga kopo la rangi ya kupuliza: mtu amepaka mwangaza juu ya kitu akaridhika. Mtazamaji huenda asiweze kueleza kilichokosewa, lakini jicho lake limeshaona.

Hatua nitakazoeleza ninazifanya kwenye Fusion, programu ya kuunganisha picha, iwe ile inayojitegemea au ukurasa wa Fusion ulio ndani ya DaVinci Resolve. Hata toleo la bure la Resolve lina nodi ya SoftGlow (nodi ni kisanduku cha kazi moja kinachounganishwa na vingine kwa waya), kwa hiyo unaweza kufuata bila kununua chochote. Programu nyingine nitazigusa mbele. Mfano wetu uwe huu: video ya mtu aliyeketi mezani kwenye chumba chenye giza. Mshumaa hakuwa nao siku ya kupiga picha. Umetengenezwa kwenye kompyuta na unapandikizwa mezani. Katikati ya video mkono wake unapita mbele ya mwali.

Hatua ya 1: Hesabu vyanzo vya mwanga

Kabla ya kuongeza nodi, simamisha fremu moja ujiulize ni vitu gani humo ndani vinatoa mwanga kweli, na vipi ni vyeupe tu. Mwali unatoa mwanga. Kimeta cha mwali kwenye glasi iliyo mezani nacho ni chanzo, kwa sababu kinairushia lenzi mwanga mkali. Shati jeupe la huyo mtu si chanzo. Karatasi mezani si chanzo. Viandike pembeni vyanzo vyako. Kwenye mfano huu ni viwili, na orodha hiyo ndiyo itakayokuongoza hadi mwisho.

Angalia pia kama chumba kina moshi, mvuke au vumbi linaloelea. Vikiwepo, kuna mng'ao wa pili ambao unaishi chumbani kweli, nao una umbali wake: mkono ukipita mbele, unauziba. Huo unautengeneza kivyake na kuuweka nyuma ya mkono. Watu huuchanganya na mng'ao wa lenzi, kisha wanashangaa kwa nini picha haikai sawa.

Hatua ya 2: Andaa namba za mwanga

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda, maana ukikosea hapa hakuna kitelezi kitakachokuokoa.

Picha ya kawaida ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila chaneli, yaani nyekundu, kijani na buluu. Nyeupe ya karatasi inaweza kufika karibu 255, na mwali wa mshumaa nao ni 255, kwa sababu hakuna namba ya juu zaidi. Kwa kompyuta, karatasi na moto vimekuwa kitu kimoja. Juu ya hapo, namba zenyewe zimepindishwa ili zifae skrini: thamani ya 0.5 kwenye picha ya sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za skrini, si nusu ya mwanga, ni kama asilimia 21 tu ya mwanga wa nyeupe. Ukitia ukungu (blur) juu ya namba zilizopindishwa, mwanga unachanganyika vibaya na mng'ao unatoka wa kijivu, kama unga.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Kwanza, weka nodi ya ChangeDepth na uchague biti 16 za desimali, zile zilizoandikwa float, ili namba ziruhusiwe kuvuka 1.0. Pili, weka nodi ya Gamut, chagua sRGB kama chanzo, na utie alama kwenye Remove Gamma ili kurudisha namba kwenye mwanga wenyewe, ambapo mara mbili ya namba ni mara mbili ya mwanga. Kama umewasha usimamizi wa rangi wa Resolve, video inakuja ukurasa wa Fusion ikiwa imeshanyooshwa. Usiinyooshe mara ya pili. Picha itaonekana nyeusi kuliko kawaida mpaka uwashe LUT ya kiangalizi, jedwali linalogeuza rangi kwa ajili ya kutazama tu. Usiogope giza hilo, na usiongeze mwangaza ili kulifukuza.

Faida yake ni hii. Mshumaa uliotengenezwa kwenye kompyuta ukihifadhiwa kwa EXR, aina ya faili inayotunza namba zinazovuka 1.0, unaweza kuwa na mwali wenye thamani ya 8.0, wakati karatasi iko 0.9. Chukua pikseli moja ya mwali uitandaze sawasawa juu ya pikseli 100. Kila moja inapata 0.08, ambayo kwenye skrini inaonekana kama ngazi ya 80 kati ya 255: mwanga unaoonekana wazi gizani. Sasa chukua pikseli ileile iliyokatwa kichwa ikabaki 1.0. Ukiitandaza juu ya pikseli 100 unapata 0.01, sawa na ngazi ya 25 hivi, karibu na giza tupu. Mwenye pikseli hiyo iliyokatwa anaona mng'ao wake hauonekani, anavuta Gain, kitelezi cha nguvu ya mng'ao, na hapo karatasi, shati na paji la uso vyote vinaanza kuwaka pamoja.

Je, ukiwa na video ya simu pekee, ambayo mwali umeshakatwa kichwa? Tengeneza maski ya mwali, yaani umbo linalotenga eneo lake, kisha kwenye tawi la mng'ao peke yake uzidishe eneo hilo kwa 5 au 8. Picha kuu usiiguse. Unairudishia lenzi nguvu ambayo kamera iliitupa.

Hatua ya 3: Unganisha kwanza, mng'ao baadaye

Mpangilio wa nodi ufuate safari ya mwanga. Chumba, mtu, mshumaa na mkono vilikuwepo kabla mwanga haujafika kwenye lenzi, kwa hiyo Merge zote, nodi zinazoweka picha moja juu ya nyingine, zije mwanzo. Mng'ao unakuja baada ya Merge ya mwisho, yaani baada ya mkono kuwekwa mbele ya mshumaa. Ukiweka SoftGlow kwenye mshumaa peke yake kabla ya kuuunganisha, mkono ukipita utaukata mng'ao kwa ukingo mkali kama wa mkasi, na hilo ndilo kosa la kwanza ninalolitafuta ninapokagua kazi ya mtu.

Niliwahi kuikabidhi kazi ya namna hiyo. Fremu ya kwanza ilipendeza, nikaridhika nayo. Mwenye kazi aliirudisha na swali moja: mbona mkono unaonekana kama umebandikwa? Maski ya mkono ilikuwa safi kabisa. Nilitumia jioni nzima kuilainisha kabla sijagundua kwamba tatizo lilikuwa nodi moja iliyokaa juu ya Merge badala ya chini yake.

Kuna wakati utalazimika kuweka mng'ao kwenye kipande pekee, labda kwa sababu unakabidhi kipande hicho kwa mtu mwingine. Hapo chunga alfa, chaneli inayosema kila pikseli inaziba kiasi gani cha kilicho nyuma yake. Hesabu ya kuweka picha juu ya nyingine, ambayo Thomas Porter na Tom Duff waliiandika mwaka 1984, inazidisha picha ya chini kwa moja kutoa alfa, kisha inaongeza picha ya juu. Alfa ikitiwa ukungu pamoja na rangi, mng'ao unaongeza mwanga huku ukiziba kilicho nyuma yake, na ukutani unapata utando wa kijivu. Fungua kichupo cha Settings cha SoftGlow na uondoe alama kwenye chaneli ya Alpha. Pale nje ya mshumaa, ambapo alfa ni sifuri, hesabu inabaki kuwa kujumlisha tu, na mwanga siku zote hujumlishwa.

Hatua ya 4: Weka SoftGlow na uibane

Unganisha SoftGlow chini ya Merge ya mwisho. Acha Gain kwa sasa. Anza na Threshold, kizingiti kinachoamua pikseli iwe na mwanga kiasi gani ndipo iruhusiwe kung'aa. Kipandishe taratibu huku ukilitazama shati. Shati likiacha kutoa ukungu, endelea kidogo, kisha simama. Vyanzo viwili ulivyoviandika ndivyo vibaki hai.

Kizingiti peke yake hakitoshi kila mara. Pengine kuna dirisha nyuma lenye mwanga mkali kuliko mwali, nawe hulitaki. Hapo tumia maski, lakini uiunganishe mahali panapostahili. SoftGlow ina viingilio viwili vya maski vinavyofanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa kazi. Kile cha buluu, Effect Mask, kinakata matokeo: mng'ao wote unatengenezwa, kisha unachongwa kwa umbo la maski, na mwanga unakoma ghafla kwenye mpaka. Kile cheupe, Glow Mask, kinachuja picha kabla mng'ao haujatengenezwa: ni yale tu yaliyo ndani ya maski yanayoruhusiwa kuwa chanzo, lakini mwanga wao uko huru kusambaa popote. Chora duara la Ellipse kuzunguka mwali, likiwa na ukingo laini, uliunganishe kwenye kiingilio cheupe. Nimeona watu wakihangaika na pete ya ajabu kuzunguka taa yao, na dawa ikawa kuhamisha waya kutoka buluu kwenda nyeupe.

Mwali ukitembea, duara hilo litembee nao. Mkono ukipita huna haja ya kufanya lolote: picha imeshaunganishwa, mwali umeshafichwa, na mng'ao unakufa wenyewe kama ulivyoona kwenye jaribio la simu.

Hatua ya 5: Mng'ao mmoja hautoshi

Ukitumia SoftGlow moja yenye ukungu wa Gaussian, ule wa kawaida wenye umbo la kengele, utapata mpira wa mwanga: umejaa katikati, halafu unaisha upesi na kwa usawa mno. Lenzi haitawanyi mwanga hivyo. Karibu na chanzo mwanga umekolea sana, halafu una mkia mrefu mwembamba unaoenda mbali, wakati mwingine hadi pembe za fremu. Gaussian moja haiwezi kutoa umbo hilo. Tatu zikijumlishwa zinalikaribia.

Kwa picha yenye upana wa pikseli 1920 mimi huanza na ukungu unaofika takriban pikseli 8, mwingine 40, na wa tatu 200. Upana ukiwa 3840, zidisha zote kwa mbili. Wa kwanza nauacha na nguvu kamili, wa pili naushusha hadi 0.4, wa tatu hadi 0.15. Hizo ni namba za kuanzia, jicho ndilo litakaloamua. Jambo la kuzingatia ni kwamba kila tabaka lichukue picha iliyotoka kwenye Merge, moja kwa moja. Ukizipanga SoftGlow kwa mfululizo, ya pili itaung'arisha mng'ao wa ya kwanza, ya tatu itaing'arisha ya pili, na picha itavimba.

Ukitaka kuyaona matabaka hayo yakiwa peke yake, yajenge kwa mkono: tenga mwali kwa maski, utie Blur tatu tofauti, uzijumlishe juu ya picha. Ni nodi nyingi zaidi, lakini unaweza kubofya tabaka lolote ukaliona uchi juu ya weusi. Kwa kazi ngumu sitaki njia nyingine.

Kujumlisha au Screen?

Mafunzo mengi yanasema tumia Screen, njia nyingine ya kuchanganya mng'ao na picha. Kwa picha ya biti 8 ni sawa, kwa sababu Screen haivuki nyeupe. Kwa namba zako za sasa ni mtego. Hesabu ya Screen ni moja kutoa zao la (1 − A) na (1 − B). Chukua pikseli ya mwali yenye 3.0 na mng'ao wa 0.5. Moja kutoa 3 ni hasi 2. Moja kutoa 0.5 ni 0.5, zao lake ni hasi 1, matokeo ni 2.0. Umeongeza mwanga na mwali umefifia! Mng'ao wenyewe ukiwa 2.0, matokeo yanakuwa hasi 1, na katikati ya moto linatokea doa jeusi. Jumlisha tu. Kwenye Merge ya Fusion, shusha Alpha Gain hadi 0 na Merge inakuwa kujumlisha.

Hatua ya 6: Rangi

Mwali wa mshumaa una joto la rangi la karibu Kelvin 1900, kwa hiyo tayari ni wa chungwa. Usiupake tena kwa nguvu. Ninachofanya ni kupunguza buluu kadiri tabaka linavyokuwa pana: dogo naliacha lilivyo, la kati linapungua kidogo, na kwenye pana nafungua Color Scale na kuweka nyekundu 1, kijani 0.8, buluu 0.55. Jicho linapokea hilo kama joto la moto bila kuona rangi iliyoongezwa.

Ukitaka sura ya filamu ya zamani, kuna kitu cha pekee. Kwenye filamu ya rangi, mwanga mkali ulipita tabaka zote za kemikali, ukagonga mgongo wa filamu na kurudi, na tabaka la kwanza kukutana nao wakati wa kurudi lilikuwa lile la nyekundu. Ndiyo maana taa kwenye filamu hizo zina pete nyembamba nyekundu. Ongeza tabaka moja dogo, nyekundu tupu, nguvu kidogo sana. Likionekana kabla hujaambiwa lipo, limezidi.

Hatua ya 7: Chembe zije mwisho

Chembechembe za picha huzaliwa kwenye kihisi cha kamera, na kihisi kiko nyuma ya lenzi. Basi zinakuja baada ya mng'ao. Kama video yako ina chembe nyingi, zipunguze kabla ya kuunganisha, weka mng'ao, kisha uzirudishe juu ya kila kitu. Zikirukwa, eneo la mng'ao linabaki laini kama plastiki katikati ya picha yenye uhai.

Zina kazi nyingine pia. Mkia mrefu wa mng'ao unashuka taratibu mno kuelekea giza, na ukitoa video kwa biti 8 ngazi hazitoshi: unaona pete zilizopangana ukutani kama ramani ya mlima. Chembe nyepesi zinazivunja pete hizo. Baada ya chembe weka Gamut ya mwisho yenye Add Gamma, kisha utoe.

Kama hutumii Fusion

Nuke na Natron hunyoosha namba zenyewe picha inapoingia, hivyo hatua ya pili inapungua. Nodi ya Glow ya Nuke ina alama ya effect only inayokuonyesha mng'ao peke yake. Itumie kila mara. Kwenye Blender tafuta nodi ya Glare, chagua Fog Glow, nayo inatoa mkia mrefu mzuri kuliko Gaussian moja. GIMP ina Softglow kwenye menyu ya Filters, chini ya Artistic, lakini ile ni kitu kingine: inalainisha picha nzima kama ndoto na haiulizi chanzo kiko wapi. Ukoo wake ni ule mtindo wa mpiga picha Michael Orton, aliyekuwa akibananisha slaidi mbili za mandhari moja, moja kali na nyingine yenye ukungu. Kwa picha ya uso au msitu inapendeza. Kwa mshumaa wetu haifai.

Kabla hujakabidhi

Cheza video nzima, usitazame fremu moja. Mwali unapepea, na kila thamani yake inapovuka kizingiti mng'ao unaweza kuruka ghafla, ukiwaka na kuzima. Ukiona hivyo, shusha Threshold kidogo na uache Glow Mask ifanye kazi ya kubagua. Kisha tazama kingo za fremu: kamera ikisogea na mshumaa ukitoka nje ya picha, mng'ao hukatika ghafla, wakati kwenye lenzi ya kweli ungefifia. Dawa ni kufanya kazi kwenye turubai pana kuliko picha ya mwisho, kisha ukate baada ya mng'ao.

Mwisho, nenda kwenye fremu ile kidole kinapogusa ukingo wa mwali. Ivute mpaka uone pikseli. Chagua nodi za mng'ao, bonyeza Ctrl+P uzizime, bonyeza tena uziwashe. Zikiwa zimezimwa, ukingo wa kidole uwe mkali na ngozi iwe nyeusi mpaka mwisho. Zikiwashwa, mwanga uumege ukingo huo kwa pikseli chache, upande wa mwali pekee, na ngozi ipate wekundu mdogo. Kama ukingo haubadiliki, mng'ao wako uko juu ya Merge. Rudi hatua ya tatu.